Bonyeza Baadaye

4 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Iitikie hata kama uko peke yako dukani, maana mshonaji wa mlango wa pili ameshazoea kukusikia ukiongea na ukuta. Sisi huku ni wazima. Mama wa mtoto amerudi kazini, kwa hiyo tunapokezana kulea kama walinzi wa zamu. Mtoto ameota meno mawili ya chini na anayafanyia majaribio kwenye kila anachokipata, pamoja na kidole hiki ninachoandikia. Ukiona mwandiko umepinda usidhani nimelewa. Mama anasema mliongea juzi kwa simu mpaka salio likakuishia. Nilifurahi kusikia, ila nikajiuliza mbona zangu hupokei.

Basi, hilo tuliache. Jambo lililonifanya nitafute kalamu ni la kuandikwa kwa mkono, tena kwa amri yangu mwenyewe. Unakumbuka binamu alipoibiwa na yule aliyejifanya mimi? Niliwaambia ukoo mzima kwamba likija jambo la kubonyeza chochote kwenye mashine, likaja kwa simu, hata kwa jina langu, hata kwa sauti yangu, mjue ni la mwizi. La kwangu nitaliandika kwa mkono, na mwandiko wangu mbaya hakuna anayeweza kuuiga.

Ni kuhusu kompyuta ya studio. Kile kivinjari, yaani kidirisha unachoingilia mtandaoni kusoma barua pepe za wateja na kuagiza fremu, ni kile kile alichokuwekea baba. Nilikiona nilipokuja kumzika na nikanyamaza, kwa kuwa hazikuwa siku za kusema mambo hayo. Kimezeeka, shangazi. Kila kinapowaka kinakuuliza kisasishwe sasa au baadaye. Naomba ubonyeze Sasa. Ukishafanya hivyo mara moja, matoleo mapya yatakuwa yanaingia yenyewe na hutasumbuliwa tena.

Usiniulize kwa nini leo. Kazi yangu hii ya usalama wa kompyuta ina mambo ambayo nimetia sahihi kuyafungia mdomoni mpaka wakati wake ufike. Fanya tu kwa sababu ninayekuomba ni mimi.

Mwanao,
Mdadisi


30 Machi

Mwanangu Mdadisi,

Marahaba, na nimeitikia kwa sauti. Mshonaji amechungulia kuuliza naongea na nani, nikamwambia na mjukuu wangu anayetafuna baba yake. Amesema mtoto ana akili, aendelee.

Mimi nipo. Goti la kushoto limeamua kustaafu kabla yangu, kwa hiyo siku hizi napiga picha nimekaa kwenye kigoda na wateja wote wanatoka wakionekana warefu. Hakuna aliyelalamika. Kitana cha pale kwenye kioo kimeibiwa tena, pamoja na ile kamba niliyokifungia. Pazia la bluu nimelifua.

Mama yake mshonaji alikuja kupiga picha yake ya mwaka. Kiti kile kile, mkoba ule ule mweusi mapajani kana kwamba kuna mtu anamvizia, na akaniambia kama kila mwaka nimpunguzie mikunjo ya shingo. Nilimwuliza nimchapie, akasema ya nini, nyumba yao inavuja na zile za ukutani zote zimeliwa na unyevu. "Ziache kwako," akasema, "siku zikihitajika zitafuatwa." Ndivyo wasemavyo wote siku hizi. Hakuna anayechapisha wala anayetunza. Ukiwauliza wanakujibu zipo kwa mpiga picha.

Sasa hilo la kivinjari. Nimekusikia. Lakini mashine haiumwi. Naiwasha asubuhi inawaka, naiambia ifungue inafungua. Baba yako aliniachia maagizo, na kile kikaratasi chake bado kipo pale chini ya skrini, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa: DADA, BONYEZA BAADAYE. Gundi ilikauka nikakibandika upya kwa utepe. Yeye anasema Baadaye, wewe unasema Sasa. Wote wawili mafundi, na mimi ni mtu wa kamera tu. Unaniambia nihame nyumba na hutaki kuniambia ndani kuna nini.

Halafu umeingia ujumbe kwenye simu, una jina lako juu, unasema, "Shangazi, sasisha leo tafadhali, ni muhimu sana." Nimeufuta hapo hapo. Si ulituambia mwenyewe? Ukiwa na haraka na unataka nibonyeze, ni wa mwizi. Nilijiona nina akili siku nzima.

Siku utakayoniambia sababu yako, na mimi nitakuambia ya kwangu.

Shangazi yako


22 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na pole na goti. Mama wa mtoto anasema ujaribu maji ya moto kabla ya kulala. Mimi nasema uende hospitali, ila najua utakayemsikiliza.

Ujumbe ule ulikuwa wangu. Nilikaa nao mkononi muda mrefu kabla ya kuutuma, nikivunja amri yangu mwenyewe, na wewe ukafanya kama nilivyokufundisha. Mama wa mtoto alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi nilishindwa kucheka.

Sasa naruhusiwa kusema, maana limeshatangazwa. Kwenye vivinjari vya aina ile kuna tundu. Limekuwemo miaka na hakuna aliyelijua. Kwa kawaida ukurasa wa mtandaoni ukiufungua unakaa ndani ya kile kidirisha, unatazamwa, basi. Tundu hili linauruhusu ukurasa kutoka ndani ya kidirisha na kuingia kwenye mashine, kwenye mafaili yako, bila wewe kubonyeza chochote. Kuufungua tu kunatosha. Tena unaweza kuwa ukurasa wa mtu mwaminifu ambaye wezi wamempachikia kitu bila yeye kujua.

Mwenzetu mmoja hapa kazini ndiye aliyeligundua. Waliotengeneza kivinjari waliambiwa kwa siri, wakaliziba, na wiki iliyopita toleo lililozibwa limetoka kwa watu wote. Ofisini palikuwa na keki. Watu walipiga makofi kuzunguka meza ile ndefu ya mikutano, na mkubwa wetu ambaye huwa hacheki alicheka.

Ubaya ni huu, na ndio uliofanya nishindwe kuila keki. Dawa ikishatolewa, wezi nao wanaichukua. Wanaliweka toleo jipya kando ya lile la zamani, wanatazama ni wapi palipozibwa, na hapo wanajua tundu lilikuwa wapi. Jana hawakulijua, leo wanalijua. Aliyesasisha hawamwezi. Asiyesasisha yuko hatarini zaidi kuliko alivyokuwa kabla hatujafumbua mdomo. Wewe uko upande huo, shangazi, na kila siku inayopita wanazidi kuwa wengi wanaojua njia.

Kwa hiyo bonyeza Sasa. Na ile diski ya nje unayohifadhia nakala za picha, ichomoe. Nimekumbuka kwamba huwa imechomekwa mwaka mzima. Mwizi akiingia atabeba vyote viwili. Ichomoe, ifungie kabatini, uichomeke tu siku ya kunakili.

Nimekupa yangu. Nipe yako. Kinachokuzuia ni nini?

Mwanao,
Mdadisi


2 Mei

Mdadisi,

Sijapata jibu lako, sijui kama limepotea au limelala posta. Sisi huku hatujambo. Mvua imekuwa nyingi, na mshonaji ameweka ndoo katikati ya duka lake. Kila akikanyaga cherehani, tone linamwitikia. Anasema sasa ana msaidizi.

Juzi ilitimia miaka miwili tangu baba yako aondoke. Sikufanya kitu kikubwa. Nilifungua duka kama kawaida. Asubuhi nikiwasha mashine huwa naurudishia mlango kwanza, na mshonaji anadhani nasali. Namwacha adhani hivyo.

Msalimu mama wa mtoto. Mtumie bibi yake picha ya hayo meno.

Shangazi yako


21 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Tumeipata barua yako ya tarehe mbili, na naona uliiandika kabla yangu haijakufikia. Sasa itakuwa imefika. Niambie imefika.

Nimekupigia simu ikaita mpaka ikakata. Nikampigia mshonaji, nikamwomba avuke mlango aende akachomoe ule waya wa diski tu, asiguse kingine. Akaniambia uliwaonya juu ya vijana wanaoigiza sauti za watu, na kwamba nione haya kidogo. Akakata. Nilipopiga tena akanitukana, vizuri sana, hakuniacha hata mahali pa kujitetea.

Niliomba likizo nije mwenyewe. Wamekataa; baada ya tangazo kama lile kazi huwa zinatufika shingoni. Wameniahidi mwisho wa mwaka.

Umebonyeza? Andika hata mstari mmoja. Mtoto anasimama kwa kushika kiti.

Mwanao


9 Juni

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata zote, za Aprili na za Mei. Mtoto na mama yake wasalimu. Goti halijambo, sijui hata kama linauma.

Picha zimekwenda. Zote.

Nitakuelezea tangu mwanzo kwa sababu uliniuliza kinachonizuia, na niliona haya kukujibu. Baba yako, kabla hajaanza kuumwa, alinitengenezea kitu. Alikuwa amechoka kunisikia nikisema duka asubuhi ni kimya. Akakaa pale kwenye stuli siku mbili tatu na vidude vyake, kisha akaniambia njoo ufungue. Nikafungua kile kivinjari, akatokea kuku amechorwa vibaya, anatembea kutoka upande huu kwenda upande ule, halafu ikatoka sauti yake. "Dada, umeamka salama? Funga mkanda, leo watakuja." Basi. Kuku anaondoka. Nilicheka, nikamwambia ana utoto. Akaniambia nikitunze vizuri, vivinjari vipya vimeacha kusoma vitu vya aina ile. "Ukibonyeza Sasa," akasema, "nitanyamaza." Ndipo akaandika kile kikaratasi. Ilikuwa mzaha. Wakati ule hakuna aliyejua ana muda gani.

Tangu tumzike, kila asubuhi nilikuwa narudishia mlango na kumsikiliza. Ndiyo sala aliyokuwa anaidhania mshonaji. Ningekuambiaje jambo kama hilo, mtu mzima mimi, kwamba kuna kuku anayenisalimia? Ungenionea huruma, na huruma yako sikuitaka.

Barua yako ya Aprili ilinifika katikati ya Mei. Niliisoma mara mbili na kila kitu nilikielewa. Nikaiweka chini ya kibodi, nikasema wiki ijayo nitabonyeza, kwanza nimsikie kidogo. Wiki iliyofuata nikasema hivyo hivyo. Diski sikuichomoa, kwa kuwa baba yako ndiye aliyeichomeka na alisema isiguswe. Kwangu kila alichokishika kilikuwa kama alivyokiacha.

Siku yenyewe nilimsikiliza, nikafungua ukurasa wa yule muuza fremu tunayenunua kwake siku zote, nikatazama fremu za mbao kwa ajili ya wanafunzi wanaomaliza shule. Sikubonyeza kitu, Mdadisi. Nilitazama tu. Akaingia dereva mmoja anataka picha ya leseni, nikamnyooshea ukosi, nikampiga. Niliporudi kwenye mashine ili nimchapie, picha zote zilikuwa zimegeuka vikaratasi vyeupe, na majina yake yamekuwa matusi ya herufi na namba. Nikafungua diski, nako vile vile. Kisha ukajitokeza ukurasa mwekundu unasema nilipe nipewe ufunguo, na saa inahesabu kwenda chini. Dereva akaniuliza kama nitachelewa sana.

Niliuzima umeme wa duka zima. Nilipouwasha, jambo la kwanza nililofanya, kabla sijatazama picha ya mtu yeyote, nilifungua kivinjari nimsikie. Hakukuwa na kuku. Palikuwa peupe.

Alisema nikibonyeza Sasa atanyamaza. Sikubonyeza, na amenyamaza.

Niambie kama kuna la kufanya. Mtaani bado sijamwambia mtu. Wanapita wananisalimia, nami nawaitikia, na sura zao zote nimezipoteza kwa ajili ya kusikia sauti ya mtu mmoja.

Shangazi yako


1 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole. Nimeandika "pole" nikaifuta, nikaiandika tena, kwa sababu sina neno lingine.

Nianze na uliloniuliza. Hakuna la kufanya. Nimewauliza wanaolijua jambo hili kuliko mimi, nao wamewauliza wanaolijua kuliko wao. Kufuli walilotumia halifunguki bila ufunguo wao. Na usilipe, hata ungekuwa na pesa. Wengi waliolipa mwezi huu wameambulia patupu, maana wezi hawa hata kufungua hawajui, wanajua kufunga tu. Ingekuwa afadhali nikuambie tusubiri, huenda siku moja. Sitaki kukudanganya. Hazitarudi.

Ule ukurasa wa muuza fremu tumeuchunguza hapa ofisini. Ulikuwa umepachikwa kitu, naye masikini hakuwa na habari. Tundu lililotumika ni lile lile. Yapo mengine mengi kwenye kivinjari cha zamani namna ile, lakini lililotumika ni lile. Nilisoma mistari ya wale wezi mmoja mmoja, na nilijua kila mstari unaofuata utasema nini kabla sijaufikia.

Nilikuandikia kwamba mwenzetu mmoja ndiye aliyeligundua. Ni mimi. Keki ilikuwa yangu. Nililipata Januari, nikiwa nimekaa kwenye dawati langu karibu na dirisha, nikafurahi kama nilivyokuwa nikifurahi utotoni nikifungua redio za baba. Niliporuka kwenye kiti wenzangu walidhani nimepigwa na umeme. Wa kwanza kumfikiria ulikuwa wewe, naapa, maana nilikumbuka kivinjari kile. Na sikuweza kukuambia, kwa sahihi yangu. Nilipoweza, nikaona aibu kusema ni langu, kwa sababu nilishajua kwamba tukilitangaza wewe ndiye utakayebaki nje.

Watu wasio na idadi walibonyeza Sasa na wako salama kwa sababu ya kazi ile. Najiambia hivyo kila siku. Ni kweli, na hainisaidii.

Kuna jingine, na hili ndilo linalonikosesha usingizi. Ile sauti ungeniambia tu. Yule kuku na maneno yake ni faili moja dogo. Ningekuandikia hatua chache, ukalinakili, ukalitia kwenye simu yako ya mkononi, ukamsikiliza barabarani, jikoni, popote. Kisha ungebonyeza Sasa na usingepoteza chochote. Ilikuwa kazi ya muda wa kunywa chai. Mimi nilificha yangu, wewe ukaficha yako, na barua zetu zikawa zinapishana njiani na salamu za meno ya mtoto.

Nimempa msafiri mmoja kompyuta akuletee. Ni mpya, na kivinjari chake kinajua kazi. Nimefikiria pia jambo ambalo sijui kama ni zuri. Watu wote wanasema nina sauti ya baba. Ukitaka nitakurekodia maneno yale. Nitakupigia simu kwanza, unijibu.

Mwanao


14 Septemba

Mwanangu Mdadisi,

Nimechelewa kukuandikia. Si kwamba nilikuwa na kazi, kazi ndiyo hiyo imepungua. Tunaendelea. Nimefurahi kusikia kwa mama yako kwamba mtoto anatembea. Mwambie asikimbie.

Mama yake mshonaji amefariki. Aliugua siku chache tu. Asubuhi ile mshonaji alikuja na kanga begani, macho yamevimba, akasimama pale kwenye mlango wa studio hata hakunisalimia. Akasema, "Nichapie ile ya mwaka huu, kubwa, ya kuweka mbele ya watu. Ile uliyompunguza shingo." Alikuwa ameshanunua fremu, ameikumbatia. Nilikuwa sijamwambia. Miezi yote ile alikuwa akinitania na mimi nikicheka, kwa kuwa niliona kesho itakuwa rahisi zaidi kusema kuliko leo.

Nikamwambia pale pale. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliniuliza kama zote, nikasema zote. Akauliza hata zile za miaka ya nyuma, nikasema hata hizo. Akaitazama mashine ile ya zamani, bado nimeiacha mezani na kile kikaratasi chini ya skrini. Akakisoma. Akaondoka na fremu yake.

Kwenye mazishi waliweka mkoba. Ule mweusi, juu ya kiti, mahali ambapo picha ingekaa. Watu walikuwa wakipita mbele yake wakiinamisha vichwa, na kila aliyepita alinitafuta kwa macho kwa sababu sasa mtaa mzima unajua. Wamekuja wengi tangu hapo. Wengine wananiuliza kwa upole, na hao ndio wabaya zaidi. Mshonaji ananisalimia. Hachungulii tena. Nikiongea na ukuta hakuna anayeuliza naongea na nani.

Nimeisoma barua yako ya Julai mara nyingi. Sina hasira na wewe. Ulitafuta tundu ili lizibwe, na lilizibwa. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama mbele yake. Hilo la kwamba ingekuwa kazi ya muda wa kunywa chai, natamani usingeliandika.

Simu ulipiga. Nilipokea bila kutazama namba, ukasema, "Shangazi." Nikakata, na najua ulidhani nimekasirika. Sikupokea simu zako miaka hii miwili si kwa sababu ya amri yako ya wezi. Amri ile ilinipa pa kujificha tu. Una sauti yake, Mdadisi. Umeichukua yote, mpaka pale anapovuta pumzi kabla ya kusema neno. Nilipokuwa na ya kwake pale dukani niliiogopa ya kwako. Nilihisi nikizizoea zote mbili, siku moja sitajua nilikuwa namsikia nani. Kwa hiyo usinirekodie kitu. Najua ungeyasema vizuri. Lakini kwenye ile ya kwake kulikuwa na stuli inalia chini yake, na mimi mwenyewe nikicheka kwa mbali, na hivyo wewe huna.

Kompyuta ilifika salama, mwambie msafiri asante. Wateja bado wapo wachache, wa leseni na wa pasipoti. Nawapiga, nawachapia, nawapa mkononi, nafuta. Wengine wananiambia nibaki nazo kama zamani, nawakatalia. Kamera ikitoka kwenye kazi inakuwa haina kitu, na mashine vile vile.

Inauliza na yenyewe, hii mpya. Kila baada ya muda kinatokea kile kidirisha, kisasishwe sasa au baadaye. Nabonyeza Sasa kabla sijamaliza kusoma. Inazima, inawaka, inaniandikia kwamba kila kitu kimelindwa. Nafungua mlango wa duka, narudi nakaa mbele yake. Ndani hamna mtu hata mmoja.

Shangazi yako